Kutoka vikundi vya redio hadi mahakamani

Kipindi cha mjadala cha televisheni, chenye wanafunzi, wazazi na afisa ustawi wa jamii wakizungumzia mimba za utotoni, wengi hukihesabu kuwa zao la runinga binafsi zilizoingia pamoja na ITV mwaka 1994. Lakini mizizi yake ni ya zamani zaidi, na iko vijijini. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa majuma 12, na watu wapatao milioni 2 wakajiunga na vikundi vya usikilizaji. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasomewa kitini, kikajadili, kisha kikaamua kazi: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka karibu na nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Kilichopimwa hapo ni vyoo vilivyochimbwa, si ufasaha wa mtangazaji.

Kipimo hicho ndicho kinachofaa hata leo. Mchezo wa redio "Twende na Wakati" ulipoanza mwaka 1993, Dodoma iliachwa nje kwa miaka miwili ili kulinganisha. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule mchezo uliposikika, na wasikilizaji wengi walieleza kwamba waliuzungumzia uzazi wa mpango na wenzi wao. Matangazo yalifungua mazungumzo, lakini uamuzi ulifanyika nyumbani.

Mfano wa televisheni ni Rebeca Gyumi, aliyefanya kazi ya utangazaji na utetezi wa vijana katika shirika la Femina. Kitaaluma ni mwanasheria, lakini alichofanya baadaye ni kiini cha kazi ya ustawi: kulifikisha tatizo kwa mwenye mamlaka ya kulitatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mkoani Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Mwaka 2016 Gyumi alipinga mahakamani vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au 14 kwa ruhusa ya mahakama. Akashinda Mahakama Kuu, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo.

Wapo watakaosema kuwa runinga ni ya wenye umeme. Ni kweli, ndiyo maana Femina ilitumia pia majarida na klabu za shuleni. Wengine wanahofia aibu ya mtoto kuanikwa hadharani. Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake ni kujadili tatizo mbele ya kamera na kuliacha shauri la mtoto ofisini kwa afisa ustawi. Pingamizi gumu zaidi ni kwamba mwaka mmoja uliotolewa na mahakama ili vifungu hivyo virekebishwe ulipita bila sheria kubadilishwa. Hilo halikivunjii kipindi heshima. Linaonyesha kuwa ufuatiliaji ndio kazi yenyewe. Halmashauri inayotaka kipindi chake basi, kabla ya kununua kamera, iamue nani atapokea simu za namba 116 ya msaada kwa watoto, na nani atafika kwenye boma siku mahari inapojadiliwa.