Madaraja na Matairi: Historia ya Autokrosi ya Marekani

Autokrosi ya Marekani, yaani mashindano ambamo gari moja moja hukimbia dhidi ya saa katika njia iliyopangwa kwa koni za plastiki juu ya lami pana, ilikua baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati magari madogo ya michezo kutoka Uingereza, hususan MG TC iliyotengenezwa kati ya 1945 na 1949, yalipoanza kuingia nchini humo, na wakati maegesho na viwanja vya ndege vilivyokuwa vitupu siku za mapumziko vilipowapa wenye magari hayo mahali pa kuyajaribu bila kuhatarisha maisha ya watazamaji. Mchezo huu usichanganywe na autokrosi inayojulikana Kenya, ambayo hukimbiwa kwenye vumbi kwa desturi ya Waingereza. Chama cha magari ya michezo cha SCCA, kilichoanzishwa Boston mwaka 1944, ndicho kilichoupa kanuni za taifa zima, na mwaka 1973 kikaandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa taifa katika jimbo la Missouri. Baadaye ubingwa huo ulihamia Kansas, na tangu 2009 umekuwa ukifanyika kwenye eneo la kambi ya zamani ya jeshi la anga mjini Lincoln, Nebraska.

Mzunguko mmoja kwa kawaida hauchukui hata dakika moja na nusu, na gari nyingi hazivuki gia ya pili. Chini ya kila koni huchorwa mstari wa unga au chokaa kuzunguka kitako chake, ili msimamizi aone papo hapo kama koni imesogezwa tu au imetolewa kabisa ndani ya mstari, kwa kuwa koni iliyoangushwa au kutolewa humgharimu dereva sekunde 2, adhabu inayoweza kumshusha kutoka nafasi ya kwanza hadi mkiani. Kwa kuwa washindi hutofautiana kwa sehemu ndogo ya sekunde, suala la nani ashindane na nani limekuwa zito tangu mwanzo.

Suala hilo si la Wamarekani peke yao. Mbio za Safari zilipoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 1953, waandaaji waliyagawa magari kwa bei yake katika maduka ya Nairobi, na mwaka huo hakutangazwa mshindi mmoja wa jumla. Wamarekani walichagua njia ngumu zaidi: walitazama uwezo wa gari jinsi lilivyotoka kiwandani, kisha wakapima limebadilishwa kwa kiasi gani. Hivyo yakapatikana makundi yanayopanda kama ngazi, kuanzia Stock, la magari yaliyobaki karibu kama yalivyonunuliwa, kupitia Street Prepared na Prepared, hadi Modified, ambalo lina magari yaliyoundwa kwa mbio tu. Baadaye yakaongezwa Street Touring na Street Modified kwa ajili ya vijana waliokuwa wakibadilisha springi, bomba la moshi na injini za magari wanayoyaendesha kila siku. Ndani ya kila kundi yamo madaraja, ambayo kila moja huwekewa magari yanayokaribiana kwa kasi.

Nguzo ya kitabu cha kanuni ni kwamba badiliko lisiloruhusiwa waziwazi limekatazwa. Kutokana na nguzo hiyo, daraja la gari huamuliwa na kifaa kimoja tu kinachovuka mpaka, hata kama vingine vyote ni vya kiwandani, na hapa ndipo anayeazima gari la rafiki yake hujikuta amerithi maamuzi ambayo hakuyafanya yeye. Mazda Miata, gari la viti viwili lililotoka mwaka 1989 na kupendwa mno katika mchezo huu, ni mfano mzuri: likiwa halijaguswa huingia kundi la chini pamoja na wenzake, likibadilishwa springi linaweza kukubaliwa katika Street Touring, lakini likifungwa turbo, yaani mtambo unaoisukumia injini hewa zaidi, hupanda moja kwa moja hadi Super Street Modified, daraja la magari ya viti viwili yenye nguvu kubwa, ambako atakayeliendesha kwa mara ya kwanza atakutana na watu waliotumia miaka mingi kuyaboresha magari yao. Swali la kwanza kwa mwazimaji, kwa hiyo, ni nini kilichofanyiwa gari hilo, na jibu lake yuko nalo mwenye gari.

Hata hivyo, katika mchezo ambao gari hugeuka kuliko linavyokwenda moja kwa moja, tairi lilikuwa na uzito kuliko injini. Kwa miaka mingi kundi la Stock liliruhusu tairi lolote lenye kibali cha serikali cha kutumika barabarani, na viwanda vikatengeneza matairi laini ya mbio ambayo yalikidhi kibali hicho kwa mifereji miwili mitatu tu iliyochorwa kwenye mpira uliokuwa karibu kipara. Hoosier A6 lilikuwa maarufu kati yao. Lilishika lami kwa namna ambayo tairi la kawaida halikuweza kuikaribia, lakini mpira wake uliisha upesi, na kila lilipopata joto na kupoa liligumuka kidogo zaidi. Matokeo yake ni kwamba kundi lililokusudiwa kuwa mlango wa watu wa kawaida likawa la wale wanaomudu seti mpya ya matairi mara kwa mara, pamoja na rimu za ziada za kuyabebea hadi uwanjani. Huo ulikuwa udhalimu wa kweli, na ulidumu muda mrefu kupita kiasi.

Dawa ilitoka mahali pasipotarajiwa. Sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966 iliagiza kuwepo mfumo wa kumsaidia mnunuzi kulinganisha matairi, na mfumo huo ulipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, ulitaka kila tairi la gari dogo liandikwe ubavuni nambari ya kudumu kwa kashata, yaani sehemu inayogusa barabara. Majaribio hufanyika katika barabara za kawaida karibu na San Angelo, Texas, katika mzunguko wa kilomita 640 hivi, ambako magari husafiri kwa msafara ili matairi yote yakutane na joto na lami ileile. Tairi la kipimo hupewa 100. Lenye 200 linatarajiwa kudumu mara mbili yake. Matairi ya mbio yenye kibali yalikuwa na nambari ndogo sana, kama 40.

Mwaka 2014 kundi la Stock lilipewa jina jipya la Street na kulazimishwa kutumia matairi ya barabarani, na muda si mrefu kiwango cha chini kikawa 200. Waliotaka kubaki na matairi laini walipewa daraja lao, Super Street R. Nambari iliyobuniwa kumlinda mnunuzi wa kawaida ikageuka kuwa uzio wa mchezo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa uzio wenyewe una tundu, kwa sababu nambari hiyo hutolewa na kiwanda chenyewe, na serikali hukagua baadaye tu. Bridgestone ilipotoa Potenza RE-71R mwaka 2015, na Yokohama A052 ilipofuata, ilidhihirika kwamba 200 ingeweza kuandikwa kwenye tairi ambalo tabia yake ni karibu na ya mbio kuliko ya safari. Hata hivyo matairi hayo yanaweza kumfikisha mtu nyumbani kwenye mvua, jambo ambalo yale ya zamani hayakuliweza kwa usalama.

Mabadiliko hayo yalifika pia kwa mwenye Miata lenye turbo. Katika miaka ya karibuni SCCA imeanzisha kundi la Xtreme Street, linalokubali mabadiliko makubwa ya injini na bodi mradi matairi yawe ya 200, na kwa hiyo gari lililokuwa na njia moja ya Super Street Modified, yenye matairi ya mbio, sasa lina njia ya pili iliyo rahisi zaidi kwa mfuko. Kwa kuwa mwenye gari na mwazimaji mara nyingi hukimbia kwa zamu katika gari hilohilo, matairi hayapumziki: ya mbio hufaidika na joto la dereva wa kwanza, lakini ya barabarani hupita kiwango na kuanza kuteleza, ndiyo maana washiriki wengi hubeba pampu za kunyunyizia maji, huyapoza kati ya zamu moja na nyingine, na hupima upepo upya kabla ya kila dereva kuingia kwenye mstari.