Vitenzi vya Kiingereza vinavyowapoteza wanafunzi: maana na matumizi yake

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

SWALI la kemia katika shule ya sekondari linaweza kumtaka mwanafunzi ataje gesi iliyo "given off" wakati wa jaribio. Mwanafunzi anajua kwamba "give" ni kupa. Anajua pia kwamba "off" ni neno lililoandikwa kwenye swichi ya taa, lenye maana ya kuzima. Akiyaunganisha maneno hayo hapati maana yoyote, ilhali jina la gesi yenyewe huenda analijua barabara. "Give off" maana yake ni kutoa, kama moto unavyotoa moshi.

Maneno ya aina hiyo huitwa na walimu wa Kiingereza "phrasal verbs". Ni vitenzi vinavyoundwa na kitenzi cha kawaida pamoja na neno dogo moja au mawili, kama "up", "out", "off" au "with". Yakishaungana, maneno hayo huzaa maana mpya ambayo mara nyingi haipatikani kwa kutafsiri neno mojamoja.

Uzito wa jambo hili nchini unatokana na mfumo wa elimu. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, lakini sekondari ikaendelea kutumia Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike pia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Kwa sababu hiyo, mtoto wa Igoma, Sengerema au Ukerewe ambaye nyumbani huzungumza Kisukuma au Kikerewe, na shule ya msingi akasoma kwa Kiswahili, huingia kidato cha kwanza na kukuta jiografia, historia na baiolojia zikifundishwa kwa lugha yake ya tatu. Katika mtihani, kutoelewa kitenzi kimoja cha swali kunaweza kumkosesha alama za somo analolifahamu.

Si tatizo la Watanzania peke yao

Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi maarufu ya Kiingereza iliyochapishwa London mwaka 1755, alieleza katika dibaji yake kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na neno dogo linalofuata huwapa wageni taabu kubwa kabisa. Jina "phrasal verb" lilianza kuzoeleka baada ya mwandishi Logan Pearsall Smith kulitumia katika kitabu chake "Words and Idioms" cha mwaka 1925.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kutatizika. Kiswahili hubadili maana ya kitenzi kwa kugeuza mkia wake, wakati Kiingereza huongeza neno la pembeni. Kutoka "enda" tunapata "endelea". Kiingereza husema "go", kisha "go on". Kutoka "tazama" tunapata "tazamia". Kiingereza kina "look", kisha "look forward to". "Rudi" huzaa "rudisha", na mwenzake ni "come back" na "give back". "Vaa" na "vua" ni "put on" na "take off".

Mwanafunzi akilitambua hilo, ataacha kulidharau neno dogo. "On" katika "go on" hufanya kazi inayofanana na ile ya "-lea" katika "endelea". Likiachwa, kitenzi kimebadilika.

Vitenzi vya kawaida na maana zake

Njia moja nyepesi ya kujifunza ni kuvipanga vitenzi kwa neno dogo, kwa kuwa baadhi ya maneno hayo hubeba wazo linalojirudia.

"Up" mara nyingi huashiria kuongezeka au kufikia ukomo. "Grow up" ni kukua hadi utu uzima, "fill up" ni kujaza pomoni, na "use up" ni kutumia hadi kwisha. Upepo wa ziwani ukisemwa "picks up", unaongezeka nguvu. Lakini dereva anaposema "pick up" abiria, anampitia na kumchukua. "Be made up of" ni kuundwa na. "Give up" huenda mbali zaidi: ni kukata tamaa, au kuacha tabia kama kuvuta sigara.

"Out" huashiria kutoka, kwisha au kujitokeza kwa jambo lililofichika. "Find out" ni kugundua, "work out" ni kukokotoa au kupata jibu kwa kufikiri, na "leave out" ni kuacha jambo bila kulitaja. "Put out" ni kuzima moto. "Run out of" ni kuishiwa, kama boti inayoishiwa petroli kabla ya kufika mwaloni. "Carry out" si kubeba kitu na kukipeleka nje. "Carry out an experiment" ni kufanya jaribio.

"Off" hubeba wazo la kuondoka au kuachana. "Set off" ni kuanza safari, "get off" ni kushuka kwenye basi au kivuko, na ndege ikisemwa "takes off", inapaa. Wawili wa kuwatenganisha ni "put off", ambayo ni kuahirisha, na "call off", ambayo ni kufuta kabisa. Safari iliyoahirishwa itafanyika siku nyingine, iliyofutwa haitafanyika. Msafiri anayezichanganya anaweza kukesha bandarini bure.

"Down" huashiria kushuka, kupungua au kuharibika. "Slow down" ni kupunguza mwendo, "die down" ni kutulia kwa upepo au kelele, na "write down" ni kuandika ili kuweka kumbukumbu. "Break down" kwa injini ni kuharibika, lakini katika baiolojia chakula kinachokuwa "broken down" kinavunjwavunjwa tumboni ili mwili ukitumie.

"In" hukutwa sana kwenye fomu na madarasani. "Fill in" ni kujaza fomu au nafasi iliyoachwa wazi, "hand in" ni kukabidhi kazi kwa mwalimu, na "take in" ni kufyonza, kama mizizi inavyofyonza maji. "Give in" ni kusalimu amri.

Kitenzi "look" kinastahili ukurasa wake katika daftari. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza, "look up" ni kutafuta neno kwenye kamusi, na "look down on" ni kudharau. Yaya anayeelezwa kazi ya "look after" watoto, akaelewa "look for", ataanza kuwatafuta watoto walioketi mbele yake.

Kitenzi kimoja, maana zaidi ya moja

Baadhi ya vitenzi hivi hubadili maana kulingana na mahali. "Turn over" kwenye karatasi ya mtihani ni amri ya kugeuza ukurasa; kwa mtumbwi, ni kupinduka. "Blow up" ni kujaza hewa, kama puto, lakini pia ni kulipuka.

Tofauti hizo si za darasani tu. Wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria hawajasahau kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei, 1996, wala kupinduka kwa MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba, 2018. Vifaa vya uokozi vinavyotengenezwa nje vinaweza kuja na maelekezo ya Kiingereza. "Put on" ni vaa, "do up" ni funga vishikizo au mikanda, na "hold on to" ni shikilia usiachie. Abiria anapaswa kuyafahamu hayo kabla ya kung'oa nanga.

Kanuni za kuzingatia

Kwanza ni mpangilio wa maneno. Baadhi ya vitenzi huruhusu kutenganishwa: "put out the fire" na "put the fire out" zote ni sahihi. Lakini kiwakilishi kikitumika ni lazima kikae katikati, yaani "put it out", wala si "put out it". Vingine havitenganishwi: husemwa "look after the child", kamwe si "look the child after".

Pili ni kuongeza au kupunguza neno. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki husikika "cope up with", ingawa Kiingereza sanifu ni "cope with". Kinyume chake, wengi husema mtu hakutaka "pick" simu, ambapo inatakiwa "pick up".

Tatu ni mahali pa kuvitumia. Vingi kati ya vitenzi hivi vina mwenzake wa neno moja anayefaa zaidi kwenye insha na barua rasmi: "put off" ni "postpone", "look into" ni "investigate", "put out" ni "extinguish", na "put up with", yaani kuvumilia, ni "tolerate". Katika mazungumzo ya kawaida, Mwingereza atapendelea vile vya maneno mawili au matatu.

Kwa anayejifunza, orodha ndefu ya kukariri haisaidii sana. Inafaa zaidi kuandika vitenzi vichache kwa siku, kila kimoja ndani ya sentensi kamili inayohusu maisha yake, kisha kuvitumia kesho yake. Katika kamusi nyingi, vitenzi hivi hutafutwa chini ya neno la kwanza: "run out of" iko chini ya "run".

Kosa la mwisho huonekana kwenye barua za kuomba kazi, ambazo wengi huzimalizia kwa "I look forward to hear from you". Baada ya "look forward to", kitenzi huchukua "-ing". Inayotakiwa ni "I look forward to hearing from you", yaani natarajia kupata jibu lako.