Walioitwa na Waliofika

Niliitwa chuo kikuu kimoja cha bara. Nilisoma mihula mitatu, kisha nikarudi Lamu kwa boti ya Mokowe na begi lile lile nililoondoka nalo. Hadi leo nikipita Mkunguni hakukosi mzee wa kuniuliza, "Mwanangu, chuo chaisha lini?" Najibu, "Inshallah," naongeza mwendo.

Vyuo vina hesabu moja vinayoiogopa: kati ya waliopewa nafasi, ni wangapi wanatokea? Marekani mwanafunzi anaweza kuwa na barua tano mkononi akachagua moja. Harvard ikikubali watu 10, wanane hivi huenda. Kwetu Kenya ni tofauti. Unajaza machaguo yako, KUCCPS inakupanga chuo kimoja, na linalobaki ni kama utafika au hutafika. Sisi twaita kuripoti. Neno la kituo cha polisi, lakini ndilo tulilonalo.

Kumbe hesabu hii Lamu iliijua zamani, tena kwa upande wa pili. Miaka 100 iliyopita wanafunzi walikuwa wanakuja kwetu.

Habib Saleh, sharifu mzaliwa wa Ngazija, alihamia Lamu karne ya 19 akaanza kufundisha Langoni, upande wa kusini wa mji, kwa watu wasio na majumba ya mawe. Alikaa chini na wageni maskini, watumwa walioachwa huru na watoto wao, watu ambao familia nyingi za kiungwana hazikutaka kusoma nao safu moja. Wakubwa wa mji walinung'unika. Yeye akaendelea. Yapata 1900 ukasimama msikiti wa Riyadha, na hadi alipofariki 1935 sifa zake zilikuwa zimevuka pwani yote hadi Komoro.

Pale hakukuwa na barua ya kuitwa. Mtu alifika kwanza, ndipo akakubaliwa. Kwa nini alifunga safari ya jahazi kuja kisiwa kidogo hivi? Elimu, ndiyo. Lakini Riyadha ilimpa mgeni pa kulala na chakula, na haikumuuliza babu yake alikuwa nani. Waliohitimu walirudi makwao wakafungua madrasa, nao wakawatuma wanafunzi wao Lamu. Mtu alikuja kwa sababu alimjua aliyetangulia.

Baadaye njia ikageuka. Mwaka 1951 Mombasa ilianza kufundisha vijana Waislamu ufundi pale MIOME, chuo kilichojengwa kwa michango ya watu kama Aga Khan na Sultani wa Zanzibar. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Aliyetaka kuwa fundi wa umeme hakuweza kuupata ujuzi huo Riyadha. Ilibidi apande chombo. Sisemi zamani kulikuwa peponi.

Nasema tu kwamba nilipochagua mimi, nyumbani tulitazama kitu kimoja: jina la chuo. Jina lilikuwa kubwa, mamangu akalitaja hadi sokoni. Hakuna aliyeuliza nani atanipokea. Nilipofika hosteli zilikuwa zimejaa, nikapanga chumba mbali, nikawa nalipa matatu kwa pesa za chakula. Masomo sikushindwa. Nilishindwa kodi.

Rafiki yangu, alama zetu sawasawa, alichagua Mombasa kwa sababu shangazi yake anakaa Mji wa Kale. Tulimcheka wiki nzima: ati mtu anachagua chuo kwa ajili ya pilau ya shangazi! Amehitimu. Mimi ndiye ninayemwandikia nyinyi haya.

Sasa watu husema vijana wa Lamu hawapendi kusoma, barua zinakuja na hawaendi. Mimi nimeenda, nawaambia: kati ya barua na mlango wa darasa kuna bahari, kuna basi, kuna usiku wa kwanza. Habib Saleh alianzia hapo, kwenye usiku wa kwanza.

Mdogo wangu wa kike anajaza machaguo yake mwaka huu. Juzi alinionyesha orodha, majina makubwa matupu. Sikumkataza hata moja. Nilimwuliza tu, "Siku ya kwanza, jua likizama, utakula kwa nani?"

Alinyamaza. Kisha akachukua simu, akampigia shangazi wa rafiki yangu.