Mbio za Siku Moja: Kutoka Spa hadi Njia ya Nimule

Tarehe 29 Mei 1892, vijana wa Ubelgiji waliondoka mji wa Spa kwa baiskeli kwenda Bastogne na kurudi siku hiyohiyo, kilomita 250. Bastogne ilichaguliwa kwa kuwa waamuzi waliweza kufika huko kwa treni. Walioanza ni 33, waliomaliza 17. Mshindi, Léon Houa wa Liège, alitumia karibu saa 11. Mbio hizo, zijulikanazo leo kama Liège–Bastogne–Liège, ndizo kongwe kati ya mbio kubwa za siku moja. Paris–Roubaix zilifuata mwaka 1896.

Upande wetu wa Afrika, mchezo huu ulitia mizizi Asmara, Eritrea, ukiletwa na watawala wa Kiitalia. Wenyeji hawakuruhusiwa kushindana nao hadi 1939, walipopewa nafasi ya kupimana nguvu. Ghebremariam Ghebru akawashinda watawala wake. Mwaka 1946 yakaanza mashindano ya kuizunguka Eritrea. Watoto wakarithi baiskeli za baba zao, mpaka tarehe 27 Machi 2022, Biniam Girmay, mzaliwa wa Asmara, alipowapiku wenzake watatu kwenye mstari wa mwisho wa mbio za Gent–Wevelgem, Ubelgiji. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda mbio kubwa za namna hiyo kabla yake.

Miaka mitatu baadaye wenye mchezo wakatufuata nyumbani. Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa barabarani, na tarehe 28 Septemba 2025 Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio za wanaume za kilomita 267.5. Vilima vilichuja kwelikweli: waliomaliza walikuwa 30 tu.

Na Juba je? Sudan Kusini ilipata barabara yake kuu ya kwanza ya lami mwaka 2012: Juba hadi Nimule, mpakani mwa Uganda, kilomita 192. Mwaka 2022 likafunguliwa Daraja la Uhuru juu ya Nile, hapo Juba. Umbali wa Juba hadi Nimule unatosha kabisa kwa mbio za siku moja. Kinachokosekana ni usalama, maana watu wenye silaha wameshavamia magari katika njia hiyo mara nyingi, na mwendesha baiskeli hana hata bati la kumkinga. Basi wakubwa wa Juba waanze na ulinzi wa barabara, kwa faida ya madereva wa malori na abiria wa mabasi kwanza. Kombe litafuata.