Joto la Zizini: Wakulima wa Mboga wa Paris na Mwisho wa Majira ya Baridi

Wakulima wa mboga waliouzunguka mji wa Paris katika karne ya 19 walisifiwa Ulaya nzima kwa ustadi mmoja, nao ni kuvuna katika miezi ya Februari na Machi mazao ambayo ardhi ya kaskazini mwa Ufaransa, ikiachwa ifuate majira yake yenyewe, haiyatoi kabla ya Mei. Kwa Kifaransa waliitwa maraîchers, jina lililotokana na neno marais, yaani kinamasi, kwa sababu bustani za kale za mji huo zililimwa kwenye ardhi chepechepe ya bonde la mto Seine. Uzito wa kazi yao hauwezi kueleweka bila kufahamu hali ya hewa ya mwisho wa majira ya baridi, ambapo mchana jua huanza kupata nguvu na kuziamsha mbegu, lakini usiku huanguka jalidi, yaani ule umande ugandao kuwa barafu nyembamba juu ya majani, ambao mkulima wa Kinangop au Makete anaujua vyema, na ambao kwa usiku mmoja huweza kuua miche iliyotunzwa kwa wiki nyingi.

Tamaa ya kuyatangulia majira haikuanzia Paris. Waandishi wa Kirumi Plinio na Columella walieleza jinsi watunza bustani wa kaisari Tiberio walivyootesha matango katika matuta yaliyowekwa juu ya magurudumu, yakasukumwa juani na kufunikwa kwa mabamba ya jiwe linalopitisha mwanga. Ufaransani mbinu za namna hiyo zilipata heshima chini ya Jean-Baptiste de La Quintinie, ambaye kati ya 1678 na 1683 alimjengea mfalme Louis wa 14 bustani ya mboga na matunda ya ekari zaidi ya 20 huko Versailles, mahali palipokuwa na bwawa ambalo ilibidi likaushwe na kujazwa udongo kwanza. La Quintinie, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1690, miaka miwili baada ya kifo chake, alijivunia kumwandalia mfalme asparaga mwezi Desemba na stroberi mwishoni mwa Machi. Hata hivyo, bustani ya mfalme haikulazimika kujilipa. Sifa ya wakulima wa Paris ni kwamba walifanya jambo lile lile kwa kodi ya pango, kwa mikopo na kwa bei ya soko.

Msingi wa kazi yao ulikuwa tuta la moto, yaani tuta lililojengwa kwa samadi mbichi ya farasi badala ya udongo. Samadi hiyo, iliyochanganyika na mabua yaliyotandikwa zizini na kulowa mkojo, huliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na katika kuila hutoa joto. Ile ya farasi hupata moto haraka kuliko ya ng'ombe kwa kuwa ni kavu zaidi na ina nyuzi nyingi ambazo tumbo halikuzimaliza. Mkulima aliichanganya na samadi kuukuu ili joto lisipande na kuzimika kwa siku chache, akaipanga kwa uma tabaka juu ya tabaka, akaikanyaga, akaimwagia maji palipokuwa pakavu, kisha akatandaza juu yake mboji nyeusi, yaani samadi ya miaka iliyopita iliyokwisha kuoza na kuwa laini kama udongo. Hapo alisubiri. Katika siku za kwanza tuta liliweza kupata joto la kuunguza mizizi, na mkulima alipima kwa kutia mkono au kijiti ndani yake hadi lilipopoa na kuwa vuguvugu la kuotesha mbegu. Aliyeharakisha alipoteza mbegu, naye aliyechelewa alipoteza joto alilolinunua.

Juu ya tuta viliwekwa vifaa vya aina mbili. Cha kwanza kilikuwa kasha la mbao lisilo na kitako, lenye mifuniko ya vioo yenye upana wa mita moja na ushei. Cha pili kilikuwa kengele ya kioo, chombo chenye umbo la kengele na kipenyo cha sentimita 40 hivi, kilichofunika miche michache ya saladi kwa wakati mmoja. Moreau na Daverne, wakulima wawili wa Paris waliochapisha mwaka 1845 mwongozo wa kazi yao wenyewe, walikadiria kwamba bustani za mji huo zilikuwa na wakulima wenye mashamba wapatao 1,800 na kengele zaidi ya milioni 2. Wageni waliokuja kutazama walishangazwa na vioo hivyo, na wengi waliondoka wakiamini kwamba siri imo humo, ilhali kioo hakizalishi joto bali hulitunza tu, na lililotunzwa lilikuwa limetoka zizini.

Kazi za kila siku za Februari zilitawaliwa na kulinda joto hilo. Jua lilipochwa, familia nzima, pamoja na vibarua waliolala bustanini, ilitandika juu ya vioo mikeka minene ya mabua iliyosukwa katika jioni za baridi. Asubuhi ikakunjwa ili mwanga upite, na theluji ikiwa imeanguka ilifagiwa kwanza. Mchana, jua likiwa kali, mifuniko iliinuliwa kidogo kwa vijiti vyenye pengo ili mvuke utoke, kwa kuwa miche iliyofungiwa katika unyevu huoza shingo. Joto la tuta lilipopungua, vijia kati ya makasha vilijazwa samadi mpya ili kulipasha kutoka ubavuni. Wakati huo huo mbegu za matikiti zilitiwa katika tuta lenye joto kuliko yote, ili miche ihamishwe mara mbili kabla ya kupandikizwa mahali pa kudumu.

Pango lilikuwa ghali, na kwa sababu hiyo hakuna shubiri iliyoachwa tupu. Katika kasha moja zilisiwa figili na karoti, na katikati yake ikapandikizwa saladi. Figili ziling'olewa kwanza, saladi ikafuata, karoti zikapata nafasi ya kunenepa, na kabla hazijaisha koliflawa ilikwisha kushika mizizi pembeni. Mboji iliyobaki baada ya mavuno ilikuwa mali. Mwanazuoni wa Kirusi Kropotkin, aliyezichunguza bustani hizo mwishoni mwa karne, aliandika kwamba mkulima aliyehama aliweka katika mkataba haki ya kuuchukua udongo wake pamoja na vioo vyake. Dai hilo lilikuwa la haki, kwa kuwa udongo huo haukuwa wa mwenye shamba; mpangaji ndiye aliyeutengeneza.

Mji na bustani vililishana. Mkokoteni uliopeleka mboga usiku katika soko kuu la Les Halles ulirudi na samadi ya mazizi ya mabasi ya farasi, ya jeshi na ya magari ya kukodi. Magari hayo yaliitwa fiacre, jina lililoyafikia kupitia nyumba ya wageni iliyobeba jina la Mtakatifu Fiacre, mtawa wa karne ya 7 ambaye ndiye msimamizi wa watunza bustani. Sadfa chache za lugha zina ukweli mwingi kiasi hicho.

Uhusiano huo ulivunjwa kutoka pande mbili. Baada ya mji kuvimeza vitongoji vyake mwaka 1860, kupanda kwa bei ya viwanja kuliwasukuma wakulima hadi Bobigny na Créteil, na reli ikaleta mboga za mapema kutoka kusini, ambako jua lilifanya bure kazi ya samadi. Huko Uingereza mbinu zao ziliamsha shauku, na mwandishi John Weathers alichapisha kitabu juu ya mbinu hizo mwaka 1909, lakini shauku hiyo haikudumu. Kilichomaliza mambo ni injini. Basi la mwisho la kukokotwa na farasi mjini Paris lilifanya safari yake mwezi Januari 1913, na kadiri mazizi yalivyofungwa ndivyo matuta ya moto yalivyokosa kuni zake. Vioo vilibaki kwa miaka mingi, vikifunika udongo baridi.