Dola 270 kwa Nguzo: Nani Hugharimia Kizazi cha Tano?

Tunapojadili gharama za mtandao wa simu, fikra zetu hukimbilia minara na mitambo. Hata hivyo, historia fupi ya kizazi cha tano (5G) nchini Marekani inaonyesha kwamba ugomvi mkali ulizuka juu ya kitu cha kawaida kabisa: nguzo ya taa ya barabarani.

Chanzo chake ni maumbile ya mawimbi. Masafa ya chini husafiri mbali na hupenya kuta, hivyo mnara mmoja huhudumia eneo la kilomita kadhaa. Masafa ya juu hubeba data nyingi zaidi, lakini hufifia upesi. Yale ya gigahezi 24 na kuendelea hufika mita mia chache tu, na huzuiwa hata na majani ya miti. Anayetaka kuyatumia mjini hana budi kutapakaza antena ndogo mtaa kwa mtaa. Kila antena inadai umeme, nyaya za fiba, kibali na mahali pa kufungwa. Mahali penyewe ni nguzo, na nguzo nyingi husimama kwenye ardhi ya umma.

Baadhi ya majiji yaliona hapo fursa ya kutenda haki. Mwaka 2018 jiji la San Jose, California, liliafikiana na kampuni za simu: ziruhusiwe kufunga antena, na sehemu ya malipo yao iingie katika mfuko wa kufikisha intaneti kwa kaya maskini, uliotarajiwa kufikia dola milioni 24 katika miaka 10.

Tarehe 26 Septemba mwaka huohuo, Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho (FCC) iliamua vingine. Ada za majiji zisizidi gharama halisi za kuhudumia antena hizo. Dola 270 kwa antena kwa mwaka zilihesabiwa kuwa kiwango cha haki. Maombi yajibiwe ndani ya siku 60 kwa nguzo iliyopo na siku 90 kwa nguzo mpya. Hoja ya Tume ilikuwa kwamba kampuni zingeokoa takribani dola bilioni 2, fedha ambazo zingewezesha kupeleka huduma vijijini. Kamishna Jessica Rosenworcel alipinga sehemu ya uamuzi huo, akibainisha kwamba haukuwa na sharti lolote la kuzibana kampuni kufanya hivyo. Majiji, Portland likiwa miongoni mwao, yalikwenda mahakamani. Agosti 2020 mahakama ya rufaa ilitengua baadhi ya vipengele, lakini ikaziacha ada zilivyopangwa.

Miezi michache baadaye likaja jambo linalostahili kutafakariwa. Katika mnada wa masafa uliokamilika mwanzoni mwa 2021, kampuni ziliahidi zaidi ya dola bilioni 81. Zile bilioni 2 zilizosemwa kuwa kikwazo cha kijiji kupata mtandao hazikufika hata asilimia 3 ya fedha hizo. Ni vigumu basi kuamini kwamba ada ya nguzo ndiyo iliyomnyima mkulima huduma. Aliyemnyima ni hesabu ya faida: antena elfu moja hujilipa penye umati, hazijilipi penye mashamba.

Kizazi cha tano kilianza kibiashara Tanzania na Kenya mwaka 2022, na kilianzia mijini. Kadiri antena zitakavyoongezeka, halmashauri na kaunti zetu zitaombwa barabara na nguzo kwa bei nafuu, kwa ahadi kwamba nafuu hiyo itamfikia mwananchi wa pembezoni. Huenda ombi hilo likawa la haki, kwani ada holela nazo huua uwekezaji. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayepewa nafuu ya umma na aandikishwe: vijiji vipi, lini, na adhabu gani asipotimiza. Ahadi isiyoandikwa katika leseni si sera.