Pembe za kwetu, orofa za Zanzibar: nani hubaki na nyumba watu wakikimbia?

Leo historia yetu inaanzia mbali kidogo na ziwa: Mji Mkongwe wa Zanzibar. Huko nyumba za zamani zimetengenezwa upya, zikageuzwa hoteli na vyumba vya kifahari. Mgeni analala etaji ya juu kabisa, chini ya boriti za miaka mia na zaidi, anatazama bahari, na kwa usiku mmoja analipa pesa ambazo familia ya Kalundu ingekula kwa muda mrefu. Hilo linatuhusu sisi kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu ya mali iliyojenga nyumba hizo ilitoka kwetu. Pili, yaliyozipata nyumba hizo baada ya wenyewe kukimbia ni somo kwa kila mtu aliyefunga mlango wake akiwa na bunda kichwani.

Mali ilitoka wapi

Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwezi wa nne, mwaka 1858. Walikuta soko. Wakati huo Uvira ilikuwa mwisho wa njia ya wafanyabiashara wa pwani upande wa kaskazini wa ziwa. Hapa walinunua pembe za tembo, watumwa, nguo za magome ya miti na vyuma. Livingstone na Stanley walipokuja mwishoni mwa mwaka 1871 kuutazama mto Ruzizi, wakaona kwamba unaingia ziwani na hautoki, biashara hiyo ilikuwa bado inaendelea.

Baadaye alikuja Muhammad bin Khalfan, ambaye wazee wanamjua kwa jina la Rumaliza. Aliweka makao yake Ujiji, na nguvu zake zilifika pwani hii ya kaskazini. Mwenzake mkubwa alikuwa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyetawala biashara ya Maniema akiwa Kasongo, na mwaka 1887 akafanywa gavana wa Stanley Falls na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Pembe zilibebwa mabegani hadi ziwani, zikavushwa hadi Ujiji, zikapita Tabora, zikafika Bagamoyo, kisha zikapanda jahazi kwenda Zanzibar. Kutoka huko zilienda India, London na hata Marekani, ambako zilichongwa ziwe vibao vya piano. Wengi waliozibeba hawakurudi makwao.

Safari kama hizo hazikuanza bila mkopo. Mfanyabiashara wa Kihindi Tharia Topan, tajiri wa Zanzibar, alimkopesha Tippu Tip bidhaa za safari. Faida iliporudi, ikawa majumba. Mwaka 1887 Topan alianzisha ujenzi wa jengo kubwa la hospitali mbele ya bandari, lenye baraza za mbao zilizochongwa. Alikufa mwaka 1891 kabla halijakwisha. Tippu Tip naye alirudi akaishi Shangani, katika nyumba yenye mlango wa kuchongwa na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe, hadi malaria ilipomuua mwaka 1905. Anayezipanda ngazi hizo leo anakanyaga jasho la Maniema na la Tanganyika, hata kama hakuna aliyemwambia.

Nyumba iliyokosa mwenyewe

Tarehe 12 Januari 1964 yalikuja Mapinduzi ya Zanzibar. Waarabu na Wahindi wengi waliuawa au wakakimbia. Serikali ilichukua nyumba nyingi za Mji Mkongwe na kuziweka ndani familia maskini, nyingine kutoka mitaa ya Ng'ambo, nyingine kutoka mashambani na Pemba. Nyumba iliyokuwa ya tajiri mmoja ikawa ya familia nyingi, chumba kwa chumba. Ya Tippu Tip nayo iligawanywa hivyo.

Kwa haki, tuseme wazi: watu hao walihitaji pa kulala, na wengi wao walikuwa wajukuu wa wale waliobeba mizigo. Lakini tatizo lilikuwa paa. Chumba kina mtu, paa halina mtu. Likivuja, wa juu anasema ni kazi ya serikali, wa chini anasema ni kazi ya wa juu. Nyumba za kule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kutoka delta ya Rufiji. Maji yakiingia, boriti inaoza kwenye ncha iliyofichwa ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho haliioni. Siku moja sakafu inaanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 hata Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake wakati wa ukarabati, na watu 2 wakafa.

Kuanzia miaka ya 1980 serikali iligeuza njia. Mwaka 1985 iliunda Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe, ikaanza kuuza na kukodisha majengo. Hospitali ya Topan ilikarabatiwa vizuri na shirika la Aga Khan. Mmarekani Emerson Skeen, aliyefariki mwaka 2014, alitengeneza nyumba kuukuu zikawa hoteli, wageni wakilishwa chakula juu ya paa. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji huo kwenye Urithi wa Dunia.

Mafundi wa kazi hiyo wanastahili sifa. Walirudia chokaa badala ya simenti, maana ukuta wa matumbawe unapumua. Ukiupaka simenti, unyevu unabaki ndani na kuula ukuta polepole. Ufundi uliokuwa unakufa ukapata mishahara na wanafunzi.

Lakini kila nyumba ilipopanda bei, mtu mdogo alisogea. Mfano unaojulikana ni Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19 pale Shangani, ambalo liliwahi kuwa ubalozi wa Waingereza na baadaye ofisi za serikali. Lilikodishwa kwa mwekezaji, likaongezewa jengo jipya, na mwaka 2015 likafunguliwa kama hoteli ya Park Hyatt. Wakaazi walilalamikia uwanja wa wazi wa kando ya bahari, na UNESCO nayo ikalalamika kwamba ujenzi haukufuata makubaliano. Hoteli imebaki pale.

Na sisi je?

Uvira hatuna majumba ya marumaru. Tuna nyumba za matofali na mabati, nyingine za udongo. Lakini njia ni ileile: watu wanakimbia, nyumba inabaki wazi, mwingine anaingia, karatasi mpya inatoka. Tuliona mwezi wa kumi mwaka 1996, vita vya AFDL vilipoanzia kwetu na wengi wakavuka kwenda Kigoma na kambi ya Nyarugusu. Tuliona Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba, na tena mwaka 2024 ziwa lilipopanda likaingia vyumbani. Tukaona Desemba 2025, M23 walipoingia mjini na makumi ya maelfu wakavuka kwenda Burundi.

Kwa hiyo sikilizeni jambo moja la sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni wa Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na ushahidi wake mkubwa ni cheti cha kuandikishwa, kile tunachokiita sertifika. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba cheti kikitimiza miaka 2, haki iliyoandikwa humo haivunjwi tena. Anayelalamika anaweza kudai fidia tu. Maana yake, kama mtu amejipatia sertifika juu ya kiwanja chako wakati uko kambini, saa inahesabu. Ukikaa kimya miaka 2, unaweza kurudi ukakuta mlango ni wako machoni na si wako mahakamani.

Kwa hiyo wenye karatasi wazitunze mahali pakavu, wapige picha, na nakala moja ikae kwa ndugu mwingine. Asiye na karatasi aandike mipaka ya kiwanja na majina ya majirani wa pande zote nne, wazee wa avenue waweke sahihi zao wangali hai. Mkisikia kiwanja chenu kinapimwa, tumeni mtu kwa chifu wa kata na kwenye ofisi ya ardhi mapema, msingoje amani ikamilike.

Nanyi mliobaki, mnaolala katika nyumba ya jirani aliyekimbia, hakuna anayewalaumu kwa kutafuta pa kulala. Lakini zibeni paa lake. Zanzibar imetuonyesha kwamba nyumba ikikosa mtu wa kuijibia, huanguka kwanza, kisha huja mwenye pesa kuinunua magofu, na hapo wote wawili, aliyekimbia na aliyehifadhiwa, wanabaki nje wakiitazama.